Swali la Chungu Kimoja

Karatasi ya kufunga dira ya maji ya mama yangu niliisaini mimi. Katibu wa kamati ya maji lazima asaini, ndivyo utaratibu ulivyo, na fundi hagusi koki ya mtu bila sahihi hiyo. Kwa kuwa ni mama yangu, ningeweza kumwachia mwenyekiti asaini badala yangu. Lakini fundi alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, nikaona haya kuonekana napendelea kwetu, nikavuta kalamu. Watu wamenisifu sana kwa hilo. Mpaka leo wapo wanaosema katibu wetu ni mtu wa haki, hata mama yake mzazi hakumpendelea. Nikiwasikia natamani ardhi ipasuke niingie.

Kwetu ni huku juu, Umatengo, mbele kidogo ya Litembo, ambako nyumba zimekaa mgongoni mwa mlima na kijito kiko chini kabisa. Ukiteremka na ndoo tupu unaimba. Ukipanda nayo imejaa huna hata pumzi ya kuitikia salamu. Bomba lilipofika kijijini, baba akiwa bado hai na kahawa ikiwa na bei, mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuomba lifike uani kwake. Hakutumia maji mengi. Ndoo mbili kwa siku, tatu akifua. Dira yake ilisogea polepole mpaka msoma dira akaigonga kwa kidole akidhani imekufa.

Baba alipofariki tuligawana mibuni. Tuko wana watatu, wote wa kiume, na mimi ndiye wa mwisho. Mama akabakiwa na shamba la mahindi na maharage, mihogo kidogo na nguruwe mmoja. Tuliahidi mbele ya wajomba, kwa sauti kubwa, kwamba bili ya maji ya mama ni juu yetu, kwa zamu. Kaka mkubwa, mwenye duka Mbuji, alilipa zamu mbili akaacha. Wa pili, anayezunguka na pikipiki akinunua kahawa kwa wakulima, alisema atalipa mkupuo mmoja msimu ukifunguka. Mimi nikasema silipi mpaka yeye alipe, kwani kuishi karibu si kosa la kunitwisha mimi kila kitu. Mke wangu na mama walikuwa wamekosana juu ya mpaka wa shamba la maharage, na ugomvi huo nao ukanifaa kama kisingizio. Bili yenyewe ya mwezi haikuzidi bei ya soda mbili tatu. Tuliiacha ilale pale, mwezi juu ya mwezi, kila mmoja akiwa na hoja yake nzuri.

Ndipo ukaja mfuko. Mradi mmoja wenye magari meupe ulitenga fedha za kulipia bili za kaya maskini, huku kwetu milimani na kule chini ziwani, kwa sharti kwamba kaya zitakazosaidiwa zitashika jembe na kutunza vyanzo vya maji. Wazo hilo nililipenda, na sitalisingizia leo kwa sababu tu limenichoma. Makatibu tulipelekwa semina Mbamba Bay, tukalala vyumba vyenye vyandarua vipya, tukala samaki mchana na jioni.

Siku ya pili tulitembezwa kwenye nyumba za ufukweni tukaone dodoso linavyojazwa. Moyoni nilicheka. Watu wana ziwa zima mbele ya mlango, halafu wanaulizwa wanabana vipi matumizi ya maji! Mama mmoja aliyekuwa akianika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye chanja alinisoma usoni.

"Unacheka nini, baba?" akaniuliza. "Ya ziwa yanatuharishia watoto. Ya bomba yanatushinda bei. Sasa unataka tunywe ya wapi?"

Nikamwomba radhi. Mdodosaji, binti wa huko huko ufukweni, akafungua kishikwambi chake akamuuliza swali lililokuwa kwenye orodha: hapa mnakula wangapi chungu kimoja?

"Mimi na wajukuu wawili," yule mama akasema, huku akiendelea kugeuza usipa. "Baba yao alivuka kwenda Malawi, hajarudi na hatumi kitu. Andika hivyo hivyo."

Binti akaandika. Baadaye mkufunzi akatueleza, tena akarudia ili tuelewe, kwamba swali lile ndilo lenye kubeba mzigo wote. Mashine inahesabu kipato cha kila anayekula chungu hicho. Ukisema unakula na mtu mwenye duka, duka lake linakuwa lako. Mimi niliyaandika hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari. Kwa hiyo msomaji asije akanihurumia kwamba sikujua.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo hili linalofuata litaonekana upumbavu mtupu. Zamani, nyumba zote za ukoo zilizokuwa kwenye mgongo mmoja wa mlima zilikula pamoja. Jioni kila mke alibeba ugali wake na mboga yake mpaka uani kwa babu, wanaume na wavulana wakazunguka vyakula vyote, wanawake na wasichana wakakaa upande wao, na hapo hapo kesi zikaamuliwa, wavivu wakasemwa, shamba la mgonjwa likagawiwa wa kulilima. Sengu, ndilo jina lake. Nimekulia ndani yake. Nilijua ugali wa nani una moshi na mboga ya nani ina chumvi ya uchoyo, na sikumbuki hata siku moja kumwona mtu mzima akila peke yake. Mtu aliyekula peke yake alikuwa ama mchawi ama mtu aliyetupwa na watoto wake.

Baba alikuwa wa mwisho kuishika sengu yetu. Alipoondoka tukaendelea kwenda uani kwa mama kwa miezi kadhaa, halafu Jumapili tu, halafu sikukuu. Halafu basi. Hakuna aliyetangaza kwamba imekwisha. Kila nyumba ikafunga mlango ikala kivyake, na wengine tukanunua televisheni.

Mama hakuacha kupika. Hili nililijua na nikajifanya silijui. Kila jioni alibandika chungu kikubwa cha siku za sengu, akasonga ugali wa watu kumi, akapanga sahani kwenye kichanja, akakaa. Ilipokuwa dhahiri kwamba hatuji, akala kidogo na kingine akakipeleka bandani. Nguruwe wa mama alikuwa mnene kuliko wote kitongojini. Jirani walimsifu kwa ufugaji.

Wadodosaji walipopanda kwetu, tulipangiwa yule yule binti wa ziwani, na mimi kama katibu nikawa mwenyeji wake. Milima ilimtoa jasho. Tulifika kwa mama kabla ya saa sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mlima. Karibu, kaa."

Mama anasikia Kiswahili cha kanisani na cha sokoni, ila kwa mgeni mwenye mashine alipendelea kujibu kwa Kimatengo, nami nikawa mkalimani. Umri, akajibu. Shamba, akajibu. Kisha binti akauliza: hapa mnakula wangapi chungu kimoja?

Mama alinitazama. Si kwamba aliniomba kitu. Alinitazama tu, kama mtu anayehakikisha kofia yake imekaa sawa kabla ya kuingia kanisani. Kisha akaonyesha chungu kwa kidevu, akaonyesha na sahani kwenye kichanja.

"Mwambie tunakula wote," akasema. "Nyumba zote za mlima huu zinakula hapa."

Nilikuwa na nafasi. Ningesema kwa Kiswahili, taratibu, "Mama anakula peke yake," na yeye pengine asingegombana nami mbele ya mgeni. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kumwambia msichana wa watu, kwa kinywa changu, kwamba nyumba ile pale yenye bati jipya ni yangu na sijala uani hapa tangu sijui lini. Kwa hiyo nilitafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Katika ukatibu wangu wote sijawahi kuwa mwaminifu kama siku ile.

"Na hao wanaokula hapa wana shughuli gani?"

Mama akachangamka. Wa kwanza ana duka. Wa pili ana pikipiki na ananunua kahawa. "Na huyu," akanishika bega, "ndiye katibu wa maji."

"Hongera, mama," binti akasema. "Umebarikiwa watoto."

Mama akacheka kwa furaha, akamfungia binti mahindi mabichi ya kwenda kuchoma. Tukaondoka. Njiani binti akaniambia ni nadra siku hizi kuona familia iliyoshikamana hivi, nami nikamwambia ni kweli, ni nadra.

Majina yalipobandikwa ofisi ya kijiji, la mama halikuwemo. Wiki chache baadaye nilisaini ile karatasi niliyoitaja. Fundi alifunga koki, akaifunga na waya wenye lakiri ya risasi, na mama akamkaribisha chai iliyopikwa kwa maji ya ndoo ya mwisho. Kesho yake asubuhi alianza kuteremka kijitoni.

Nilimwambia achote kwangu. Akaniuliza, "Nichote kwako nikimwambia nini mkeo?" Nikaliacha hapo, maana kumpatanisha na mke wangu kungenigharimu kukubali kwamba mpaka wa shamba tulisogeza sisi. Nilikuwa na bomba uani, na msimu ule niliosha kahawa yangu kwa maji yanayotiririka mpaka barabarani.

Kisha zikaja siku za kutunza chanzo. Mteremko ulio juu ya chemchemi ulikuwa umelimwa hovyo na mvua ilikuwa ikishusha udongo mpaka kwenye tenki. Mtaalamu wa mradi aliwapanga wanakaya waliosaidiwa wachimbe mitaro mirefu ya kukinga maji. Walichimba. Mvua kubwa ya kwanza ikaijaza mitaro, ikaipasua, ikateremka na kila kitu. Mtaalamu alisimama na buti zake akitazama tope. Wazee wakajua la kufanya, ila vijana waliobaki na majembe hawakuwahi kufundishwa ngoro, yale mashimo yetu ya mraba yanayofunika mlima mzima na kuyakalisha maji mahali pake. Majani yanafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, halafu udongo wa katikati unachimbwa na kufunika majani. Ukikosea kulaza, kazi yote bure.

Mama alipanda pale bila kuitwa. Jina lake halikuwa kwenye orodha, na posho ya kazi ile, ambayo ilikuwa ni kufutiwa bili, haikumhusu. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mlima hauna orodha. Siku nne aliinama pale na wanawake wengine wa umri wake, akiwagombeza vijana kwa Kimatengo na kuwanyang'anya majembe, na siku ya tano mteremko wote ulikuwa umefunikwa ngoro. Mvua iliyofuata maji yalituama ndani ya mashimo na kuzama. Chemchemi ikatoka safi. Maji hayo yakashuka kwenye tenki, yakaingia kwenye mabomba, yakapita chini ya uwanja wa mama bila kupanda.

Mtaalamu alipiga picha nyingi. Mwaka mpya ulipoingia, mradi ukaleta kalenda, na kwenye ukurasa wa mwezi mmoja yuko mama, ameinama, jembe mkononi, amegeuza uso anacheka. Chini yake wameandika: "Mnufaika akitunza chanzo cha maji." Mama alininyooshea neno hilo la kwanza akataka maana yake. Nikamwambia ni mtu anayefanya kazi vizuri. Akaitundika kalenda hiyo sebuleni, na mwezi wake ulipopita hakuufunua.

Mwezi wa mvua nyingi alianguka. Njia ya kijitoni ilikuwa utelezi, ndoo ikatangulia naye akafuata. Bodaboda aliyekuwa akipita juu alisikia kelele, akateremka, akampakia mpaka hospitali. Mkono wa kushoto ulivunjika juu ya kiwiko. Aliporudi nyumbani, kaka zangu walikuja. Mmoja alileta sukari, mwingine alileta mchele, mimi nilileta kuku, na mke wangu, namshukuru kwa hilo, alikuja akapika bila kuulizwa. Jioni ile tulikula wote uani, kutoka chungu kile kile, watoto wamejaa kila mahali. Mama alikaa katikati na plasta yake. Alitusimulia kuanguka kwake kama kichekesho, jinsi ndoo ilivyomkimbia kama mkwe mwenye deni, na tulicheka mpaka machozi. Asubuhi yake kaka zangu wakaondoka. Kuhusu maji tuliafikiana kwamba tutazungumza.

Hatukuzungumza. Wiki mbili baadaye wakaja wahakiki wa mradi kupitia upya orodha, na binti yule yule akapanda mlima wetu. Safari hii mama alimjibu mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kuningoja.

"Chungu kimoja tunakula wote," akasema. "Hata juzi tumekula. Muulize huyu."

Binti akanigeukia akitabasamu, kidole kikiwa juu ya kishikwambi. Nilitazama plasta. Ilikuwa imeingia uchafu kwenye kingo, na chini yake kulikuwa na ndoo ndogo ya lita tano, ile aliyokuwa akiitumia sasa kwa mkono mmoja. Hasira ilinipanda. Niliwakasirikia kaka zangu, nikamkasirikia mama kwa kiburi chake, na zaidi ya wote nikajikasirikia mwenyewe, na kwa kuwa mtu hawezi kujipiga makofi mbele ya mgeni, nikasema.

"Si kweli, dada. Mama anakula peke yake. Ni miaka sasa. Juzi tulikuja kwa sababu alivunjika. Chakula cha hicho chungu anakula nguruwe."

Nilidhani atanikana. Nilitamani anikane, aseme mtoto huyu ana wazimu, anataka vya bure. Alitazama chini kidogo, kisha akanyanyuka, akaenda kwenye kichanja akaanza kuzishusha sahani moja moja kwa mkono mzima. Binti alikuwa akiandika. Alipomaliza aliniambia kwa sauti ya chini, "Asante kwa kusema ukweli, kaka," na sijawahi kupewa asante iliyonichukiza namna ile. Mama alimsindikiza mgeni mpaka njiani, akamwambia karibu tena. Aliporudi akamalizia kushusha sahani zilizobaki.

Mfuko ulilipa. Deni lote lilifutwa kwa siku moja, na fundi akaja kukata waya. Nilikuwepo. Koki ilikohoa, ikatema kutu, kisha maji yakatoka meupe na kwa nguvu, yale yale ya chemchemi yake. Nilisimama pale nikijisikia mtu, nikajiambia kwamba angalau sasa limekwisha, na kwamba mama atanuna wiki moja halafu atasahau.

Nguruwe aliuzwa mwezi uliofuata. Chungu kikubwa mama alimpa jirani mwenye watoto wengi. Nikipita jioni naona moshi mdogo, sufuria ya mtu mmoja. Nimeanza kwenda kula kwake, mara mbili tatu kwa wiki, na mke wangu huja na sahani yake. Mama anatukaribisha vizuri, anatupa vigoda, anatuuliza habari za shule za watoto. Anatuhudumia kama anavyowahudumia wageni.

Juzi nilikuwa nateremka kukagua bomba la chini nikakutana naye kwenye njia ya kijitoni. Mkono umepona, ila umepinda. Alikuwa anapanda na ndoo kichwani, hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika.

"Mama," nikamwambia, "bomba linatoka. Limekauka?"

"Linatoka vizuri tu. Jirani wanachota, siwazuii."

"Sasa wewe huku unafuata nini?"

Alikuwa akihema. Alisubiri pumzi zirudi, akaishika ndoo vizuri kwa mkono ulionyooka.

"Maji yale yamelipiwa kwa ajili ya mama asiye na watoto," akasema. "Mimi ninao watatu."

Njia ni nyembamba pale. Nikasogea pembeni kwenye majani, akapita.